Walimwita Mke Mwenza

Mama alianguka tukiwa shambani tunakata alizeti. Nilikuwa mbele yake, nikasikia panga limedondoka, nikadhani amejikata. Nilipogeuka nilimkuta amekaa chini katikati ya mashina, miguu ameinyoosha, anajaribu kuniambia kitu na mdomo umekwenda upande. Baba alikuwa mbali kidogo akipakia vichwa vya alizeti kwenye mkokoteni wa punda. Nilimwita akaja anakimbia. Sikuwahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku ile. Alimwaga mzigo wote chini, akamlaza mama juu ya magunia matupu, tukaelekea barabara kubwa ya Dodoma kutafuta gari la kutufikisha Singida mjini.

Hospitali walisema ni kiharusi. Alikaa wodini wiki kadhaa, akarudi nyumbani upande wa kushoto ukiwa umekufa. Mkono ulijikunja kifuani, mguu haukubeba kitu. Maneno yalirudi polepole, mazito, lakini akili yake ilikuwa ileile. Nadhani hilo ndilo lililomtesa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu miaka yote iliyofuata alisikia kila kilichosemwa.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Ikungi. Sisi ni Wanyaturu kwa baba. Mama alikuwa Mgogo wa Kintinku, na akikasirika alirudi kwenye Kigogo ambacho baba alijifanya hakielewi. Tulikuwa watoto wawili. Mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kata. Kaka yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, akawa anaendesha bodaboda pale Ikungi na kulala hukohuko kwenye chumba cha kupanga.

Jumapili ya kwanza baada ya mama kurudi, baada ya ibada, walikuja baba mkubwa, yaani kaka yake baba, na shangazi, dada yao. Walikaa uani kwenye viti, nikawapelekea chai. Mama alikuwa kitandani nyuma ya ukuta, dirisha likiwa wazi.

"Huyu binti," baba mkubwa alisema akinionyesha kwa kidevu, "shule imemtosha. Kusoma anajua, kuandika anajua. Akae na mama yake."

Baba alikuwa anachokonoa udongo kwa ncha ya fimbo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kaka yake alikuwa mpole zaidi.

"Ataendelea na shule," alisema.

"Basi oa," shangazi akasema. "Padri atanuna, lakini padri hakai hapa. Wifi mwenyewe atashukuru kupata mtu wa kumshika."

"Sitaoa."

"Kama hutaki, mrudishe kwao Kintinku," alisema baba mkubwa. "Ndugu zake wamuuguze. Akipona atarudi."

"Hatapona. Daktari ameniambia."

"Sasa nani atamhudumia?"

"Mimi."

Shangazi alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyesikia utani na kusubiri umalizike. Alipoona haumaliziki, akauliza, "Wewe utamwogesha?"

"Nitamwogesha."

"Utapika?"

"Nitapika."

"Na nguo zake? Zile za ndani?"

Baba aliacha kuchokonoa udongo. Kisha akasema, "Zinafuliwa kwa maji na sabuni kama nguo nyingine."

Baba mkubwa alisimama, akavaa kofia yake. "Mke anauguzwa na wanawake, mdogo wangu. Kazi yako wewe ni kutafuta. Usije ukasema hatukukwambia."

Chai yake hakuinywa. Nilipoingia ndani kumwangalia mama, alikuwa ametazama ukutani, na kwa mkono mzima ameushikilia ule uliokufa.

Lazima niseme baba alikuwa mtu wa namna gani kabla ya hapo, vinginevyo haitaeleweka. Baba hakuwa na desturi ya kukanyaga jikoni. Akitaka kitu alisimama hatua chache kutoka mlangoni akakohoa, na mama akajua ni maji au ni moto wa sigara. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyotaka kumlea kaka yangu. Lakini kaka alipokuwa mdogo alipenda jikoni. Alikaa karibu na mama akachagua mawe kwenye uwele, akakoroga mlenda, akachoma karanga kwenye majivu na kunigawia. Alikuwa na mikono mizuri. Mama alisema ugali wake hauna madonge kama wangu. Siku moja baba alirudi mapema kutoka mnadani, akamkuta amejifunga kanga ya mama kiunoni, anasonga. Alimtoa nje kwa sikio na kumchapa kwa fimbo ya punda, pale uani, mbele ya watu waliokuwa wanapita njiani.

"Jikoni kuna nini chako?" alikuwa anauliza kila akishusha fimbo. "Sema. Kuna nini chako?"

Kaka alikuwa mtoto tu. Ile kanga ilikuwa imemnasa miguuni na kila alipotaka kukimbia ilimwangusha. Tangu siku hiyo alikula chakula chake nje pamoja na baba. Walipompeleka tohara, baba alimwambia akilia huko asirudi nyumbani kwake. Alirudi mdomo umevimba kwa kuung'ata. Baba alichinja mbuzi, akafurahi sana.

Huyo ndiye mtu aliyesema, "Mimi."

Siku za mwanzo alipika vibaya mno. Ugali ulikuwa mbichi katikati, mlenda ukaungua hadi sufuria ikatupwa. Kisha akabuni njia. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, alimbeba mama kutoka kitandani, akamlaza kwenye godoro dogo mlangoni mwa jikoni, akampa kazi ya kuamuru.

"Punguza moto," mama alisema kwa ule ulimi wake mzito.

Baba akavuta kuni.

"Sasa unga. Kidogo. Nimesema kidogo."

"Hiki si kidogo?"

"Hicho ni cha kulisha watu wa msibani."

Nilikuwa narudi shuleni nawakuta hivyo, yeye amechuchumaa machozi ya moshi yanamtoka, mama anamkaripia. Alijifunza. Asubuhi mimi nilifagia na kuchota maji kabla ya kwenda shule, lakini mengine yote aliyafanya yeye. Alipepeta, alipeleka uwele mashineni, alifua. Kumwogesha mama hakunikubalia kabisa. Alimbeba mikononi mchana hadi kwenye bafu letu la matete nyuma ya nyumba, akapasha maji, akachukua muda wake. Baadaye alimpaka mafuta akijua ni wapi pa kugusa taratibu, hasa ule mkono wa kushoto, ambao ukinyooshwa kwa haraka ulimfanya mama apige kelele. Alijaribu hata kumsuka. Alimsuka mistari mitatu minene iliyokwenda kombo, mama akaomba kioo, akajiangalia, akacheka mpaka mate yakamtoka upande wa mdomo uliopooza. Baba alimfuta kwa kiganja. Na yeye alikuwa anacheka. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakicheka pamoja namna hiyo mama alipokuwa mzima.

Ukuta wa matete hauzuii macho. Watu waliona baba akimbeba mama, wakaona anaanika kanga na sidiria kwenye kamba. Maneno yalianzia kilabuni, kwenye pombe ya mtama, mahali ambapo baba alizoea kwenda Jumamosi. Mtu mmoja alimpokea kwa kusema, "Karibu, mke mwenza," na wote wakacheka. Maana yake ni kwamba yeye si mume tena, ni mwanamke wa pili katika nyumba yake mwenyewe, anayesaidiana kazi na mke mkubwa. Jina lilishika. Watoto walilijua. Hata mwenye mashine ya kusaga alimwita hivyo, bila ubaya, kama jina lingine lolote.

Wanawake nao hawakuwa nyuma. Kisimani walisema mama alimlisha baba dawa akiwa bado mzima. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Mama yako alimpa nini? Tuambie na sisi tuwape wa kwetu," na mwenzake akasema yeye hataki, mwanaume wa namna hiyo atalala naye vipi. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa maneno yalikuwa yamefika kitandani. Walikuwa wanajiuliza mwanaume mzima anaishije na mke asiyejiweza, hajaoa mwingine, hana hata hawara. Wakaamua kwamba na yeye amekufa upande. Kijijini kwetu walikuwepo wanaume waliowaacha wake zao wagonjwa wakaenda kwa wanawake wengine, na watu waliwasema kidogo kisha wakawaelewa. Baba angekuwa na mwanamke Ikungi wangemwelewa. Hili la kukaa hawakuweza kulielewa.

Baba alipunguza kwenda kilabuni, kisha akaacha.

Jina lile lilifika stendi ya Ikungi. Kaka alisimuliwa na madereva wenzake, nao hawakujua, au walijua vizuri sana, kwamba huyo anayezungumzwa ni baba yake. Alikuja nyumbani Jumamosi moja mchana. Alizima pikipiki uani na hakushuka. Baba alikuwa anaanika nguo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karibu. Mama yako yuko ndani."

"Baba, shusha hizo."

Baba aliangalia kamba. "Ni nguo za mama yako."

"Najua ni za nani. Ndiyo maana nasema shusha. Barabarani watu wanaziona."

"Zikikauka nitashusha."

Kaka akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa mrefu kuliko baba kwa wakati huo. Alizungumza kwa sauti ya chini, heshima bado ilikuwemo. "Nitatafuta msichana wa kazi. Nitamlipa mimi. Wewe kaa kama baba wa watu."

"Mama yenu hataki kushikwa na mgeni. Ameniambia."

"Wananiita mtoto wa mke mwenza. Unajua hilo?"

"Waache."

"Niwaache," kaka alisema. "Wewe ndiye uliyenitoa jikoni, baba. Ulinichapa hapa, hapa nilipokanyaga, nikiwa na kanga ya mama. Uliniuliza jikoni kuna nini changu. Nami sikurudi tena. Nilikufuata wewe. Kila ulichosema ndicho nilichofanya. Sasa nikuulize mimi, huko jikoni kuna nini chako?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Baba alishika kamba kwa mkono mmoja kama mtu anayejishikilia ili asianguke. Nimefikiria sana angeweza kusema nini. Angeweza kusema alikosea. Angeweza kusema hakujua, kwamba na yeye aliambiwa hivyohivyo na baba yake. Lakini hakuwahi kufundishwa maneno ya namna hiyo, na umri ule hayaji yenyewe. Alichosema ni, "Ingia umsalimie mama yako."

Kaka aliingia, akakaa kidogo, akatoka. Mwezi huo aliuza pikipiki na kuhamia Dodoma, kwenye kazi za ujenzi.

Baba hakuacha kumhudumia mama, lakini alianza kujificha. Nguo alizianika ndani, zikawa na harufu ya kuvunda. Kumwogesha alihamishia chumbani, mlango umefungwa, maji kwenye beseni. Mgeni akipiga hodi wakati anapika, aliweka mwiko chini na kutoka nje upesi akakaa kwenye kiti, anapangusa mikono kwenye suruali. Nami ilibidi niingie nionekane mimi ndiye niliyekuwa napika. Hatukukubaliana hivyo, ilitokea tu, kila mmoja akajua nafasi yake.

Mama aliona yote. Baba akiwa shambani aliniita nikae kitandani kwake.

"Nipelekeni Kintinku," alisema.

"Baba hawezi kukubali."

"Najua. Mwambie wewe. Wewe umesoma." Alipumzika kwanza, maneno marefu yalimchosha. "Akiniogesha mimi sioni haya. Nilidhani nitaona, sioni. Ila nikisikia hodi, nikaona anavyoruka, hapo naona haya. Namuaibisha kwa kuwa hai."

Nilimwambia asiseme hivyo. Wiki zilizofuata alianza kukataa chakula, akisema amekinai, meno yanauma. Baba alikaa pembeni ya kitanda na bakuli la uji, akingoja. Hakumlazimisha. Uji ukipoa alikwenda kuupasha, akarudi akakaa tena. Siku moja nilisikia mama akimwambia kitu kwa Kigogo, na baba, aliyejifanya miaka yote haielewi lugha hiyo, akamjibu kwa Kigogo hichohicho, kibovu, cha kujifunza kwa kusikiliza. Alimwambia, "Kula, nisibaki peke yangu." Baada ya hapo alikula.

Niliendelea na shule. Nilimaliza kidato cha nne, nikaendelea, nikaenda chuo cha ualimu. Kila likizo nilirudi nikamkuta mama amepungua na baba amezeeka. Mama alifariki asubuhi moja nikiwa nyumbani, majira yaleyale ya kuvuna alizeti. Baba alikuwa amempelekea uji. Alitoka nao vilevile, umejaa, akauweka juu ya kinu na kuniambia kwa Kinyaturu, "Nenda kamwite shangazi yako."

Wanawake walijaa kabla jua halijawa kali. Shangazi alisimamia kila kitu. Alikuwa hodari kwa misiba. Walipasha maji, wakatandika mkeka chumbani, wakaanza kumvua mama. Baba alikuwa bado amesimama humo ndani, karibu na kichwa chake.

"Kaka, toka sasa," shangazi alimwambia taratibu.

"Nitasaidia."

"Humu ni wanawake tu. Mwanaume haoshi."

"Nimemwosha mimi siku zote."

"Ule ulikuwa ugonjwa. Huu ni msiba, una utaratibu wake. Toka, watu wako nje wanakusubiri."

Aliwaangalia wanawake mmojammoja, kama anatafuta atakayesema hapana. Alitoka, lakini hakwenda kwa wanaume waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba. Alizunguka nyuma, akasimama nje ya dirisha letu, tukaona kivuli chake kwenye pazia. Tulipoanza kumwosha mama tukasikia sauti yake.

"Mkono wa kushoto msiuvute. Unamuuma."

Shangazi alisimama, kitambaa kikichuruzika maji. Nilimwona akiinamisha kichwa, shangazi yangu aliyecheka siku ile akidhani ni utani. Kisha akauchukua ule mkono kwa mikono yake miwili, polepole, akauosha ulivyokuwa umejikunja, bila kuunyoosha. Nje hakukuwa na sauti tena.

Kaka alifika mchana na basi la Dodoma. Alichukua sepetu moja kwa moja akajiunga na vijana waliokuwa wanachimba, akachimba hadi mwisho, hakutaka kupokewa. Jeneza liliposhushwa baba alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha kufungua kinywa, ambacho kwetu ni cha wanawake. Baba mkubwa alimkamata mabega.

"Jikaze," alimwambia. "Jikaze, watu wanakuangalia. Watoto wanakuangalia."

Baba hakuweza kujikaza. Wakamwondoa wanaume wawili, wakamkalisha mbali, migongo yao ikiwa imemziba ili asionekane.

Nilimtafuta kaka. Alikuwa nyuma ya zizi, ameshika boma kwa mikono iliyojaa udongo, kichwa chini. Nilidhani analia, nikataka kurudi nimwache.

"Haitoki," alisema bila kugeuka.

"Nini?"

"Toka Dodoma najaribu. Kwenye basi, kaburini. Nimemwona mzee analia nikasema na mimi sasa. Haitoki, dada. Kama koo limejengewa."

Sisi hatukuzoea kushikana. Nilisimama karibu naye tu, tukawasikiliza wanakwaya, mpaka mtu akaja kumwita akasaidie kupanga viti.

Siku ya kuanua tanga wazee wa ukoo walikaa na baba. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, hatukusikia maneno, lakini uamuzi ulitufikia: mwanaume hakai peke yake, atafutiwe mtu. Kwa wakati huo binti mmoja wa shangazi abaki kumpikia. Baba hakubisha. Mtu aliyekataa yote matatu siku ile ya chai alikaa sasa na kukubali. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameamka mapema kama kawaida, amesimama karibu na mlango wa jikoni ambako binamu yangu alikuwa anawasha moto. Alisimama kidogo. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akakohoa. Binamu akatoka na maji ya kunawa.

Wakampata mjane kutoka upande wa Manyoni, mama mtulivu, mcha Mungu, ambaye mimi namheshimu na kumwita mama bila shida. Baba alirudi kilabuni. Waliniambia siku aliyorudi walimnunulia pombe, na aliyempa jina lile la mke mwenza ndiye aliyempisha kwenye benchi. Jina likafa. Siku hizi anakaa kwenye vikao vya ukoo, na kijana akimwoa binti wa kwetu baba ni mmoja wa wanaopewa neno. Kaka akija na familia yake kutoka Dodoma wanaongea vizuri, mvua, ng'ombe, bei ya alizeti. Siku ile ya kamba ya nguo hawajawahi kuigusa. Kaka ana nyumba nzuri, na mke wake ameniambia kwamba mumewe hajui hata sufuria zinakaa wapi.

Mimi nafundisha Manyoni. Mwaka huu nilipokwenda nyumbani likizo nilimkuta mama wa kambo ana malaria, amelala, hawezi kuinua kichwa. Ilikuwa mchana umeshapita. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo. Jiko lilikuwa la baridi.

"Mmekula nini?" nilimuuliza baada ya salamu.

"Bado. Binti wa jirani amesema atapita akitoka shambani."

"Na mgonjwa?"

"Naye bado."

Niliweka mkoba chini. Nilimwangalia yule mzee, ambaye najua uji wake ulikuwa laini kuliko wa mtu yeyote, ambaye alijua mgonjwa anataka uwe mwepesi kiasi gani na sukari aiweke mwisho. Sikutaka kumhukumu. Nilikuwa nauliza kweli.

"Baba, kwa nini usimpikie?"

Aliangalia njia, kama kulikuwa na mtu anapita. Hakukuwa na mtu.

"Watu wameshasahau," alisema. "Waache wasahau."

Ndani mama wa kambo alikohoa, akaomba maji kwa sauti ndogo. Baba aliinua kichwa aliposikia, mkono wake ukaondoka kwenye fimbo, kisha ukarudi. Akaniangalia mimi.

Nikaenda kuwasha moto.